Hukumu ya Mnyang'anyi: Kutoka Kitabu cha Kadhi hadi Mahakama ya Attunda

Katika mabaraza ya familia zetu zilizohamia Ulaya kuna kauli inayorudiwa kila inapofika habari mbaya ya kijana: "Angekuwa kwetu, angekatwa mkono." Husemwa kikombe cha kahawa kikiwa mkononi, na mara nyingi msemaji ni mtu mwema aliyechoka. Ndani ya kauli hiyo mna madai mawili: kwamba sheria ya Uswidi ni laini, na kwamba sheria ya wazee wetu wa Pwani ilikuwa kali isiyo na swali. Makala haya yanayapima madai hayo kwa mizani ya historia, kwa kuwa yana madhara. Mzazi anayeyaamini huona mwanawe ameangukia mahali pasipo haki wala adabu, humwachia wakili mambo yote, na siku ya kesi hubaki nyumbani kwa aibu.

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, bali wa aina ya kesi ambazo mahakama za huko zimezizoea. Kijana wa miaka 19 yuko karibu na kituo cha treni cha Upplands Väsby, mji ulio kaskazini mwa Stockholm katika njia ya kwenda Arlanda na Uppsala. Usiku, yeye na mwenzake wanamzingira kijana mwingine, wanamtishia kisu, wanamtwaa simu na koti. Polisi wanamkamata baada ya saa moja na kumkuta na gramu mbili za bangi mfukoni. Mashtaka ni mawili: unyang'anyi, na kupatikana na dawa za kulevya kwa kiasi kidogo. Hukumu yake iweje? Tutaanza na kitabu cha kadhi wa Unguja wa karne ya 19, tupite korti za Pwani za karne ya 20, kisha tuingie mahakamani Uswidi.

Kitabu cha kadhi

Enzi ya masultani wa Kibusaidi, Unguja ilikuwa na makadhi wa madhehebu mawili, Waibadhi na Mashafii. Miongoni mwa Mashafii walijulikana sana Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mzaliwa wa Barawa aliyefariki 1896, na Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit wa Ngazija, aliyefariki 1925. Vitabu walivyosomesha na kuhukumia ni vile vile vilivyosomwa Hadhramaut na Makka, na kikubwa chao kilikuwa Minhaj ya Imam Nawawi pamoja na sharhe zake, hasa Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami wa karne ya 16.

Msomaji akifungua milango ya makosa katika Minhaj atakuta kwamba neno letu moja, "wizi", limegawanywa mafungu. Kuna mwizi wa siri, anayetoa mali mahali ilipohifadhiwa. Kuna mkata njia, anayewavamia watu kwa nguvu mahali ambapo hawawezi kupata msaada. Kuna anayepora waziwazi akitegemea nguvu zake, na kuna anayekwapua kisha akategemea mbio. Adhabu ya kukatwa imewekewa mafungu mawili ya kwanza tu, tena kwa masharti. Mporaji na mkwapuaji hawamo. Hao wameachiwa taazir, yaani adhabu ambayo aina yake na kiasi chake hukadiriwa na mwenye kuhukumu.

Thamani ya mali isingemwokoa kijana wetu. Kiwango cha chini cha kukatwa ni robo ya dinari, kiasi cha gramu moja ya dhahabu, na simu ya siku hizi huenda ikazidi hapo. Swali la kadhi lingekuwa jingine: je, yule aliyevamiwa alikuwa mahali ambapo angeweza kupiga kelele akasaidiwa? Kituo cha treni chenye watu na askari si njia ya jangwani. Nawawi mwenyewe anakiri kwamba hata mjini watu wanaweza kuwa wakata njia pale utawala unapokuwa dhaifu na msaada ukakosekana. Kwa hiyo kesi hii ingezua mjadala wa kweli kati ya wanafunzi wa fiqhi, na shaka, kwa kanuni mashuhuri ya mafakihi, huiondoa adhabu ya hadd. Jibu lenye uzito zaidi lingekuwa taazir.

Na taazir ni nini? Vitabu vinataja kifungo, kipigo, kofi na karipio. Wafafanuzi wa madhehebu wakaongeza kwamba isifikie kiwango cha hadd, na kwamba kifungo chake kipungue mwaka mmoja. Juu ya hayo, mali irudishwe kwa mwenyewe au ilipwe, kwani haki ya mja haifutwi na adhabu wala na toba.

Vipi bangi? Neno lenyewe tumelipokea kwa njia za biashara za Bahari ya Hindi, na Waarabu waliliandika banj. Mafakihi wa Kishafii waliharamisha kutumia kiasi chake kinacholevya, lakini hawakuiweka pamoja na mvinyo katika adhabu. Kwa bangi, hashishi na afyuni hapana hadd, bali taazir. Ibn Hajar huyo huyo aliandika risala mahususi juu ya qati, ambayo sisi huiita miraa au mirungi. Aliwausia watu waiepuke kwa sababu ya shaka iliyomo, lakini hakuthubutu kuipitishia hukumu ya moja kwa moja kuwa ni haramu. Mwanachuoni ambaye kitabu chake kilikuwa nguzo ya makadhi wetu alisita mbele ya jani moja.

Kwa hiyo, kwa makosa yote mawili, kitabu cha kadhi kingemwelekeza kwenye taazir. Kiswahili chetu kinaikumbuka maana hiyo bila sisi kufahamu. Tuna "adhabu", neno la Kiarabu la mateso, na tuna "adabu", neno la malezi mema, na tunaposema mtu "ametiwa adabu" tunakusudia ameadhibiwa. Taazir ilisimama kati ya maneno hayo mawili.

Isidhaniwe kwamba maisha ya Unguja yalikuwa sawa na kitabu. Pembeni ya kadhi alikuwapo Sultani, na Sultani alikuwa na maliwali, askari na ngome. Mambo mengi ya jinai yaliishia mikononi mwao, kwa kile wanachuoni walichokiita siyasa, na si kila mara kwa upole. Ila hoja yetu inabaki: anayesema sheria ya wazee wetu ilikuwa kukata tu, hajakifungua kitabu chao.

Gereza na korti

Ushahidi mwingine umo katika neno "gereza". Wataalamu wengi wa lugha wanalirudisha kwenye neno la Kireno la kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na makanisa, na ngome hizo baadaye zikafungiwa watu. Ngome Kongwe ya Unguja ilijengwa na Waomani juu ya mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na katika karne ya 19 ilitumika kufungia wahalifu. Ngome ya Yesu, Mombasa, ilifanywa jela ya serikali ya Kiingereza 1895, na ikaendelea hivyo hadi 1958. Kwa miaka zaidi ya 60 jengo ambalo watalii leo wanalipiga picha lilikuwa mahali ambapo mama wa Mombasa alikwenda kumuulizia mwanawe.

Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Uingereza 1890, na Pwani ya Kenya kutawaliwa kwa jina la Sultani, jinai iliondolewa hatua kwa hatua mikononi mwa makadhi. Walibakishiwa ndoa, talaka, mirathi na mambo ya wakfu. Katika barua walizobadilishana Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte Oktoba 1963, mamlaka ya makadhi juu ya mambo ya Waislamu yalithibitishwa kwa Pwani ya Kenya, lakini kesi ya mnyang'anyi haikuwamo. Ilikuwa imeshahamia kwa hakimu wa serikali, na kanuni za adhabu zilizoletwa kutoka makoloni mengine ya Kiingereza.

Ukali tunaoukumbuka, basi, umetoka huko. Tanganyika ilipitisha 1963 sheria ya adhabu za chini kabisa, iliyomfunga mikono hakimu: kwa makosa kama unyang'anyi, uvunjaji nyumba na wizi wa mifugo, mfungwa alichapwa viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliuwekea unyang'anyi wa kutumia nguvu adhabu ya kifo. Kwa sheria hiyo ilitosha mnyang'anyi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenzake mmoja, au ampige aliyeibiwa. Kijana wetu, aliyekuwa na mwenzake, angeingia humo Mombasa. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini watu walijaa katika vyumba vya kusubiri kifo, hata Rais Kibaki akawabadilishia adhabu zaidi ya 4,000 kwa mkupuo mmoja 2009, na Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo tena kwa 2,747 mwaka 2016. Tanzania Bara, unyang'anyi wa kutumia silaha una kifungo kisichopungua miaka 30.

Zanzibar ilipita njia yake. Kuanzia 1970 palikuwa na mahakama za wananchi, ambamo waliohukumu hawakulazimika kuwa na elimu ya sheria, na mawakili hawakuruhusiwa kumtetea mshtakiwa. Wapo wasomaji wa jarida hili ambao kumbukumbu yao ya neno "mahakama" ni hiyo. Ni haki yao kuogopa mlango wa korti yoyote. Ila wasiuchanganye woga huo na sharia ya babu zao.

Attunda

Upplands Väsby iko chini ya mahakama ya wilaya ya Attunda, iliyoundwa 2007 na yenye makao yake Sollentuna, vituo vichache vya treni kuelekea Stockholm. Jina lake ni la kale kuliko mahakama. Attundaland ilikuwa mojawapo ya nchi tatu zilizounganishwa chini ya Sheria ya Uppland, ambayo mfalme Birger aliithibitisha Januari 1296. Mahakama ya wilaya kwa Kiswidi ni tingsrätt, na ting lilikuwa baraza la watu huru waliokusanyika kuamua kesi zao. Katika sheria za zama hizo kulikuwa na jopo la wanaume 12 wa mahali hapo, nämnd, waliosema kama jambo limethibiti.

Masalio ya jopo hilo yapo hadi leo. Kesi kama ya kijana wetu husikilizwa na hakimu mmoja msomi wa sheria pamoja na nämndemän watatu, raia wa kawaida wanaochaguliwa na mabaraza ya manispaa kwa miaka minne. Aliyewahi kuingia mahakama ya mwanzo Tanzania atawatambua: ni wazee wa baraza. Wana kura sawa na hakimu, na kura zikigawanyika nusu kwa nusu, hufuatwa rai iliyo nyepesi kwa mshtakiwa.

Uswidi nayo haikuzaliwa laini. Sheria yake kuu ya 1734 ilikuwa imejaa viboko, aibu za hadharani na kifo. Mwaka 1840 mrithi wa ufalme, Oscar, aliandika kitabu juu ya adhabu na magereza, akitaka wahalifu wafungwe vyumba vya peke yao badala ya kuumizwa mwili. Kuchapwa kwa fimbo kama adhabu ya korti kukafutwa 1855, na sheria ya jinai ya 1864 ikaweka kifungo na faini kuwa msingi. Mtu wa mwisho kunyongwa na dola, kwa maana ya kukatwa kichwa kwa mashine, alikuwa Johan Alfred Ander, katika gereza la Långholmen, Stockholm, Novemba 1910. Kosa lake lilikuwa kuua katika unyang'anyi wa ofisi ya kubadilishia fedha. Adhabu ya kifo wakati wa amani ilifutwa 1921. Mashine ile ya Stockholm ilipofanya kazi mara ya mwisho, Sayyid Ahmad bin Sumeit alikuwa hai Unguja.

Kanuni ya adhabu inayotumika sasa, Brottsbalken, ilianza kazi Januari 1965. Iliuwekea unyang'anyi wa kawaida kifungo cha mwaka mmoja hadi sita, na ule mzito hadi miaka kumi. Tangu 2017 ule mzito hauanzi chini ya miaka mitano. Ili liwe unyang'anyi na si wizi wa kawaida wenye vitisho, mahakama huuliza kama nguvu imetumika, au kama tishio lilikuwa la hatari ya papo hapo, au lilionekana hivyo machoni mwa aliyetishwa. Aliyesoma Minhaj hatalishangaa swali hili. Vitabu vyote viwili vinataka kujua hali ya yule aliyevamiwa: alikuwa na njia ya kuokoka, au hakuwa nayo?

Kuhusu bangi, Uswidi ni kali kuliko nchi nyingi za Ulaya. Sheria yake ya dawa za kulevya ni ya 1968. Mwaka 1988 kutumia kwenyewe kulifanywa kosa, si kumiliki na kuuza tu, na 1993 kosa hilo dogo likawekewa uwezekano wa kifungo cha hadi miezi sita, jambo lililowapa polisi nafasi ya kupima damu na mkojo. Miraa ilipigwa marufuku 1989, miaka 25 kabla ya Uingereza, iliyofanya hivyo 2014. Wazee wengi kutoka Kenya, Somalia na Yemen waliokuwa wakitafuna kwa mazungumzo ya jioni walijikuta wahalifu kwa kuvuka mpaka tu, wakiwa na jani ambalo Ibn Hajar alisita kulihukumu.

Gramu mbili za bangi zikiwa peke yake, kwa kawaida hulipiwa faini inayopimwa kwa siku na kipato, utaratibu ulioanza 1931 ili tajiri na maskini waumie sawa. Zikifuatana na unyang'anyi, hutolewa adhabu moja kwa yote: kosa kubwa huwa msingi, na dogo huongeza kidogo tu. Lakini dogo hilo haliwi bure. Linaandikwa, na kabla ya hukumu mahakama huweza kuagiza uchunguzi wa hali ya kijana: anakaa na nani, anasoma au anafanya kazi, ana tatizo la ulevi, nani atasimama naye.

Umri nao ulikuwa na uzito. Kwa miaka mingi desturi ya mahakama ilikuwa kumpunguzia aliye chini ya miaka 21, na kijana wa miaka 19 alipata takribani theluthi mbili ya adhabu ya mtu mzima. Januari 2022 upunguzo huo uliondolewa kwa wenye miaka 18 hadi 20 katika makosa ambayo kifungo chake hakianzi chini ya mwaka mmoja. Unyang'anyi umo. Wazazi wanaosema "Wazungu watamwachia, ni mtoto" wanasimulia Uswidi ya jana.

Tukiweka hukumu hizo sambamba, kauli ya barazani inageuka juu chini. Kwa taazir ya Kishafii, kifungo cha kijana wetu kisingefika mwaka. Kwa Brottsbalken, hakipungui mwaka. Katika vituo vyote tulivyopita, ukali mkubwa ulikuwa wa dola za karne ya 20, nyingine zikiwa zetu wenyewe.

Sitara na karatasi ya hukumu

Limebaki jambo ambalo familia zetu hulipata gumu kuliko kifungo. Mwaka 1766 Uswidi ilipitisha sheria ya uhuru wa kuchapisha, na ndani yake ikaweka kanuni kwamba nyaraka za dola ziko wazi kwa raia. Hukumu ya mahakama kwa kawaida ni waraka wa namna hiyo. Jirani akiiomba, hupewa. Jina la kijana, alichofanya na alichokutwa nacho huweza kusomwa na mwajiri, na mwenye nyumba, na mzazi wa mchumba.

Sisi tumelelewa katika sitara. Kumsitiri mwenye kosa ni fadhila inayosisitizwa, na mtaa wa Mji Mkongwe au Lamu ulijua namna ya kuzungumza na kijana uani, bila jina kutoka nje. Kwa hiyo hukumu inapochapishwa, familia husikia kama imevuliwa nguo. Jibu la wengi ni kujificha: mama haendi mahakamani, baba huwaambia watu kijana "amesafiri", wadogo zake hukatazwa kumtaja. Wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sitara ya asili haikuwa hivyo. Mtu aliyeitwa mbele ya kadhi au liwali hakwenda peke yake. Alikwenda na mzee wake, na dhamana ya mali iliyochukuliwa mara nyingi iliwahusu jamaa. Waliotakiwa kutojua ni wasengenyaji, wala si ndugu. Kukaa nyumbani siku ya kesi si kumsitiri kijana, ni kumwacha asimame peke yake mbele ya watu wanne wasiomjua, na yule anayeandika ripoti ya hali yake akose mtu wa kumjibu simu.

Kwa wanahistoria wanaosoma jarida hili, karatasi hizi zina maana nyingine. Historia ya Pwani ya karne ya 19 imeandikwa kwa sehemu kubwa kutokana na daftari za korti: nani alimdai nani, nani alishuhudia, nani alikuwa mtumwa na nani alidai ni huru. Miaka 100 ijayo, atakayeandika habari za Waswahili wa Uswidi atafungua hukumu za Attunda kama sisi tunavyofungua nyaraka za Unguja. Humo atakuta majina yetu. Atakuta pia, ndani ya maelezo ya hali ya mshtakiwa, kama ukoo wake ulikuja au haukuja.

Angalau hilo bado liko mikononi mwetu. Kadhi hatunaye Sollentuna, na kiasi cha kifungo si sisi tunaokiamua. Tunachoweza ni kumrudishia aliyeporwa mali yake na kumwomba radhi kwa njia inayoruhusiwa, kumwandaa kijana kwa siku atakayotoka, na kukaa kwenye viti vya nyuma vya chumba cha mahakama ambavyo, kwa kanuni, viko wazi kwa kila mtu. Mlango ni huo huo anaopita msengenyaji. Na apite pia mama yake.